Namna ya Kutumia Mchoro wa Zamu katika Tiba ya Mtoto Asiyetaka Kuzungumza

Mtoto anayeletwa kwa mtaalamu wa saikolojia mara nyingi hakuomba kuletwa, na akiulizwa moja kwa moja kinachomsumbua hujibu "sijui", kwa kuwa kweli hana maneno ya kukieleza. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyefariki mwaka 1971, aliwaendea watoto wa aina hiyo kwa mchezo wa penseli na karatasi: mmoja hufumba macho na kuchora mstari wowote, mwenzake huugeuza kuwa kitu, kisha hubadilishana zamu.

Kabla ya kuanza, mweleze mtoto, mzazi au mlezi wake akiwepo, kwamba mtakayozungumza yatabaki kwenu isipokuwa usalama wake au wa mtu mwingine ukiwa hatarini. Keti ubavuni mwake. Chora kwa haraka, bila umahiri, maana mtu mzima anayechora vizuri humfanya mtoto ahisi kwamba anapimwa.

Ugumu huanza mchoro ukishakamilika. Tuseme mtoto wa miaka 8 ameugeuza mstari wako kuwa nyumba isiyo na mlango. Usimwambie kwamba hiyo ni nyumba ya kwao, wala usimuulize kwa nini amesahau mlango, kwani huenda hakusahau. Muulize ni nani anayeishi humo na huingiaje, kisha nyamaza. Akisema humo anaishi paka mwoga, mzungumzieni paka huyo hata kwa vikao kadhaa. Siku atakapokuwa tayari kujizungumzia ataanza mwenyewe, na kumharakisha ni kumvua kinga anayoihitaji bado. Kwa maoni yangu, subira hii ina uzito kuliko mbinu yoyote ya kufasiri michoro.

Kijana wa miaka 15 huenda akaona mchezo huu ni wa kitoto. Mwache achague mwenyewe: kubandika picha alizokata magazetini, kuandika mashairi ya kufoka, au kuandika barua asiyokusudia kuituma. Usimsahihishe tahajia na usiisifu kazi yake kwa uzuri. Taja tu unachokiona, kwa mfano kwamba upande mmoja wote ameupaka rangi nyeusi.

Andika tarehe kwenye kila kazi na uihifadhi kwenye jalada, usiitundike ukutani. Mchoro peke yake hauthibitishi kwamba mtoto amenyanyaswa. Akitamka mwenyewe kwamba ameumizwa, msikilize bila kumhoji, yaandike maneno yake kama alivyoyasema, umweleze utakachofanya, na utoe taarifa siku hiyo hiyo kwa kufuata sheria ya ulinzi wa mtoto.