Somo: Kununua ekseli ya Salisbury ya mtumba na kuifunga kwenye Land Rover 109

Wadau, mmeniuliza sana kuhusu Land Rover 109 za matoleo ya zamani, Series II na IIA, zile ambazo hafu shafti za nyuma (vyuma vinavyozungusha magurudumu) hukatika zikizidiwa na mzigo. Dawa yake inajulikana: ekseli nene ya Salisbury, iliyokuwa kwenye 109 za Series III. Kuifunga si kazi ngumu. Pesa hupotea sokoni, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

SOKONI

Ukifika kwenye spea za Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, usianze na bei. Itambue ekseli kwanza. Salisbury ina mfuniko mgongoni unaofungwa kwa bolti 10, na difu yake (gia za katikati ya ekseli) hutolewa kwa nyuma. Ya Rover ya kawaida haina mfuniko huo, difu yake hutokea mbele.

Kisha pima mwenyewe uwiano wa difu, yaani propela huzunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja; usiambiwe. Piga alama ya chaki kwenye flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, halafu zungusha habu zote mbili kwa pamoja mzunguko mmoja kamili. Flenji ikizunguka karibu mara nne na robo tatu, hiyo ni 4.7, ndiyo yako. Ikizunguka mara tatu na nusu tu, ni 3.54 na imetoka kwenye Land Rover 110, toleo la baadaye. Iache hapo hapo, hata kama inang'aa.

Mwombe muuzaji amwage oili kidogo kwenye kitambaa cheupe. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidoleni ni meno au beringi vimeanza kuvunjika. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yalishaingia.

Chomoa na hafu shafti. Ni bolti sita tu kila upande, na habu inabaki mahali pake. Itazame juani, hasa kwenye meno ya mwisho. Meno yawe yamenyooka. Yakiwa yamelala upande kama kamba iliyosokotwa, shafti hiyo ilishabebeshwa kupita uwezo wake na itakatika.

Ukiridhika, nunua ekseli nzima pamoja na propela yake, yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) na bamba zake za chini. Pua ya Salisbury ni ndefu, kwa hiyo propela yako ya zamani haitaingia, na mirija yake ni minene kuliko yubolti zako. Usinunue ekseli iliyofumuliwa kwa matumaini ya kuipanga mwenyewe. Kupanga pinioni ya Salisbury kunataka vifaa ambavyo gereji nyingi hazina.

KUFUNGA

1. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Handibreki ya 109 hushika propela nyuma ya gia boksi, haishiki magurudumu. Ukishafungua propela ya nyuma, gari halina handibreki. Tafadhali msilipuuze hili.

2. Inua gari, liegemeze chesi kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.

3. Fungua propela, bomba la breki, shokapu na yubolti. Toa ekseli mkiwa watu wawili au zaidi.

4. Ingiza mpya. Hakikisha kichwa cha bolti ya katikati ya springi kimekaa kwenye tundu lake. Kaza yubolti kiasi, shusha gari, kisha kaza kabisa springi zikiwa zimebeba uzito. Rudia kukaza baada ya kulitumia siku chache.

5. Funga propela, uma zake za pande mbili zikiwa kwenye mstari mmoja. Jaza oili ya EP90 mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kipimo. Zibua kipumulio (kitundu cha hewa cha ekseli), la sivyo oili itasukuma sili. Toa hewa kwenye breki.

MASWALI

Mkuu, nimepata Salisbury ya 110 kwa bei nzuri. Nikifunga nyuma tu, kuna shida gani?

Kwa tuwili, magurudumu ya nyuma tu yakisukuma, utatembea vizuri, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Siku utakayoingiza fowili, magurudumu yote manne yasukume, mbele 4.7 na nyuma 3.54, magurudumu yatavutana kwa sababu 109 haina difu ya katikati. Kitu kitavunjika. Tena 110 ina springi za koili, si za majani kama 109, kwa hiyo vikalio vya springi kwenye ekseli itabidi vikatwe na kuchomelewa vingine.

Nimeshabadili, lakini nikiachia mafuta nasikia mvumo kutoka nyuma. Ni kawaida?

Hapana, kaka. Mvumo wa kuachia mafuta mara nyingi ni beringi ya pinioni iliyolegea. Shika flenji uitikise. Ikicheza, usisafiri nayo. Kama ni mgongano wa "ko!" unapobadili gia, anza na krosi za propela (viungo vya ncha zake).

Muuzaji amekataa nisifungue mfuniko, anasema "ni nzima, niamini". Nifanyeje?

Dada, ondoka. Mwenye ekseli nzima hapotezi kitu kwa kufungua bolti 10. Na hata akikubali, dai risiti yenye jina lake, maana spea za wizi zipo.