Usingizi wa safari ya usiku: umudu bila mirungi

Dereva unayetoka Tanga usiku kwenda Dar, panga usingizi kabla ya mafuta. Lala mchana, chumba kiwe na giza, simu mwachie mama watoto. Kuanzia saa nane usiku mpaka alfajiri mwili unadai kulala hata uwe mkongwe wa barabara, kwa hiyo mzigo ukiruhusu, saa hizo usiwe kwenye usukani.

Mirungi naomba usiiguse, mdogo wangu. Vijana wa stendi ya Kange watakwambia inakaza macho, na kweli inakaza: mna kathinoni ndani yake, kemikali iliyo jamaa ya amfetamini. Ila inakuzuia tu usisikie usingizi. Wenyewe haujaondoka, unalimbikizana. Nimekaa pembeni ya dereva aliyekula: shavu limejaa, mguu hautoki kwenye mafuta, semi ya mbele anaigandia mpaka nasoma namba zake, macho yamekazwa katikati ya barabara. Karibu na Hale kulikuwa na bodaboda pembeni, haina taa. Mimi niliiona, yeye hakuiona mpaka nilipopiga kelele. Na muda wote huo alikuwa ananiambia leo yuko vizuri! Ndiyo maana naiogopa: inampa mtu kujiamini ambako mikono na macho yake havina. Stimu ikikatika, uchovu wote unashuka kwa mpigo. Ukisinzia sekunde 4 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari limekwenda karibu mita 90 peke yake. Tena kisheria ni dawa ya kulevya, hilo unalijua.

Kahawa sawa, ila inywe kwa mpango. Ukiona miayo imefuatana, tairi linagusa ukingo, au hukumbuki ulivyopita kijiji cha nyuma, tafuta penye taa na watu, usimame. Kunywa kahawa, palepale laza kiti, funga macho dakika 15 hadi 20. Kafeini huchukua kama nusu saa kushika, kwa hiyo unaamka inaanza kazi. Mwambie tandiboi akuamshe. Shuka, zunguka gari, gonga matairi, uzito wa usingizi ukuishe ndipo uwashe. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni kafeini hiyohiyo na sukari; ukirundika makopo, moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka.

Bado unasinzia? Basi kahawa ya pili haina kazi. Ukiwa Mkata au popote njiani, lala hapohapo mpaka kuche, bosi akipiga mwambie utaondoka saa kumi na mbili.