Namna ya Kushughulikia Lebo za Vipodozi Bila Kuvunja Sheria

Muuzaji anapopokea vipodozi ambavyo lebo zake zimechanika au zimeandikwa kwa lugha wasiyoielewa wateja wake, akumbuke kwanza kwamba kuilipia bidhaa hakumpi ruhusa ya kugusa maelezo yake apendavyo. Nchini Marekani, Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 1938 inakataza kubadili, kuharibu, kufuta au kubandua lebo, hata sehemu yake tu, wakati bidhaa iliyovuka mipaka ya jimbo ingali inasubiri kuuzwa, endapo kitendo hicho kitaifanya lebo isitimize matakwa ya sheria. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1223 ya mwaka 2009 inamhesabu msambazaji aliyeibadili bidhaa kiasi cha kutia shaka uhalali wake kuwa ndiye mwenye dhamana nayo, kana kwamba ameitengeneza yeye.

Tafsiri haimo katika makosa hayo: kanuni hiyo ya Ulaya inasema wazi kwamba kutafsiri maelezo si kuibadili bidhaa. Kwa hiyo bandika tafsiri mahali pasipofunika maandishi ya awali, na utafsiri kilichopo bila kukipamba. Ukiongeza kwamba losheni inatibu ugonjwa fulani wa ngozi, utakuwa umeiingiza katika masharti ya dawa, ambayo ni mazito zaidi.

Namba ya toleo, yaani ile inayotambulisha bidhaa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, ndiyo inayokwanguliwa mara nyingi na wanaotaka kuficha njia ambayo mzigo umepitia, nami naona hilo ndilo baya kuliko yote. Krimu ikigunduliwa kuwa na vijidudu au zebaki, mtengenezaji huitisha matoleo yaliyoathirika kwa namba zake, na mteja ambaye kopo lake halina namba hana njia ya kujua kama analojipaka usoni kila usiku ni miongoni mwa yanayorudishwa.

Tarehe ya mwisho wa matumizi ikishapita, ondoa bidhaa rafuni. Usiifunike tarehe hiyo kwa stika ya bei wala kuandika nyingine. Zingatia pia kwamba katika Umoja wa Ulaya kipodozi kinachodumu zaidi ya miezi 30 hakilazimiki kuwa na tarehe hiyo, bali kwa kawaida huwekewa mchoro wa kopo lililo wazi na idadi ya miezi ya kukitumia tangu kilipofunguliwa, kwa hiyo usidhani kwamba tarehe imefutwa kabla ya kuutafuta mchoro huo.

Ukikuta lebo iliyokwisha kuchezewa, usijaribu kuirekebisha. Tenga mzigo wote, upige picha, hifadhi stakabadhi za ununuzi, kisha mwarifu kwa maandishi aliyekuuzia pamoja na mamlaka inayosimamia vipodozi. Wakati mwingine aliyeichezea ni mshindani wa kibiashara: Marekani, kwa sheria ya mwaka 1983, anayeipotosha lebo ya bidhaa kwa nia ya kuidhuru vibaya biashara ya mwingine anaweza kufungwa hadi miaka 3, na picha zilizopigwa kabla mzigo haujaguswa huwasaidia sana wachunguzi.