Vitumbua vya mchele vyenye matundu ndani

Ukikipasua kitumbua ukakuta kimeshikana kama ugali, usilaumu chuma, yaani kikaango chenye mashimo. Kosa lilianzia kwenye kusaga au kuumua.

Mahitaji: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na robo, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo na mafuta. Usipoteze hela kwa mchele wa daraja la kwanza. Chenga inafaa kabisa, maana inakwenda kusagwa. Nazi 1 kubwa inatosha.

1. Osha mchele, uloweke saa 8 au usiku kucha. Punje ibonyezwe kwa vidole ivunjike, isiwe na kiini kigumu.

2. Chuja maji yote, kisha saga na tui kwenye blenda. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Chukua tone la uji, lisugue kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ukisikia chembe kama mchanga, rudisha kwenye blenda. Chembe ni nzito, zinazama, na kitumbua kinatoka kigumu chini. Blenda ikipata moto izime kwanza, kwani uji wa moto unaua hamira. Ndiyo maana hamira, sukari, iliki na chumvi vinaingia mwisho, uji ukishapoa. Ukishavitia, saga sekunde 30 tu. Uji uwe mzito kama mtindi uliokorogwa. Sukari ikiyeyuka huulegeza, kwa hiyo usikimbilie kuongeza tui kabla ya kuitia.

3. Funika uumuke. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, dakika 40 mara nyingi zinatosha. Juni na Julai ngoja saa 1 au zaidi. Ukijaa mapovu, anza kupika, ukikawia utachachuka. Chota taratibu, usikoroge kwa nguvu: mapovu hayo ndiyo matundu yenyewe.

4. Chuma kiwe na moto wa wastani, mafuta kijiko 1 cha chai kila shimo. Jaza robo tatu. Pembeni pakikauka na juu pakitoboka, geuza kwa kijiti, ongeza matone ya mafuta. Dakika 2 hadi 3 kila upande.

MASWALI

Shikamoo dada. Chuma changu ni kipya, vinang'ang'ania vyote.

Marahaba, mdogo wangu. Kioshe, kikaushe, kipake mafuta, kiweke motoni mpaka kitoe moshi kidogo, kifute. Rudia mara 3. Baada ya hapo usikisugue kwa stili waya, utaondoa ule weusi unaokilinda. Na usigeuze mapema. Kitumbua kikiiva chini kinajiachia chenyewe.

Vyangu vinaungua nje, ndani vibichi. Natumia mkaa.

Moto umezidi, dada. Tandaza makaa, mengine yatoe, acha yafunikwe na jivu jepesi ndipo umimine. Kama umezidisha sukari nayo inawahisha kuungua.

Wali uliolala unaweza kuingia humu?

Unaingia, na mimi naupendelea. Vijiko 3 vya chakula, usagwe pamoja na mchele. Wali ulioiva unaufanya uji ushikamane na kuzuia hewa isitoroke, kitumbua kinabaki laini hata kikipoa. Uwe haujachacha tu.

Tui la pakiti je?

Linafaa. Likiwa zito sana, changanya kikombe 1 cha tui na maji ya vuguvugu robo kikombe.