Kutafuta makundi kwenye ramani kwa GeoDa: kwanza amua nani ni jirani wa nani

Ramani iliyopakwa rangi kwa viwango hudanganya jicho. Wilaya tatu nyekundu zikikaa pamoja, kila mtazamaji ataona kundi, hata kama zimekutana hapo kwa bahati tu. GeoDa, programu ya bure iliyoanzishwa na Luc Anselin, hupima kama ukaribu huo unazidi bahati, kwa kipimo alichokichapisha mwaka 1995: Moran ya mahali (Local Moran's I), kinacholinganisha kila eneo na majirani zake. Kubonyeza vitufe ni kazi ya dakika chache. Kinachokula muda ni maandalizi.

Tuchukue mfano wa wilaya za Tanzania na idadi ya wagonjwa wa malaria.

Faili la ramani, .shp, lazima likae folda moja na wenzake .shx, .dbf na .prj. Jedwali la wagonjwa lihifadhi kama CSV, kisha liunganishe na ramani kupitia menyu ya Table, Merge. Unganisha kwa msimbo wa wilaya, usiunganishe kwa jina: Nyang'hwale ikiandikwa kwa alama tofauti ya ritifaa haitaunganika. Angalia pia Excel isile sifuri ya mwanzo, maana 01 ikigeuka 1 mambo yameharibika. Na seli tupu usiijaze 0. Kituo cha afya ambacho hakikutuma ripoti si kituo kisicho na wagonjwa, na sifuri hizo zitakutengenezea "eneo salama" ambalo halipo.

Sasa majirani. Fungua Tools, Weights Manager, Create. Chagua safu ya msimbo kama ID, halafu Queen contiguity: wilaya zinazogusana mpaka, hata kwa kona tu, ni majirani. GeoDa itaandika faili la .gal, yaani orodha ya majirani. Kabla ya kuendelea, soma idadi ya chini ya majirani kwenye dirisha hilohilo. Ukiona 0, una visiwa.

Mafia ndiyo mfano mzuri. Haigusani na wilaya yoyote, kwa hiyo itabaki kijivu, imeandikwa Neighborless. Njia ya mkato ni kuhamia kwenye majirani wa karibu zaidi, k-nearest neighbors, ukiweka k kuwa 4 au 6. Hapo umbali unahesabiwa, kwa hiyo kama ramani iko kwenye digrii, chagua Arc distance, la sivyo digrii zitahesabiwa kama mita. Au geuza ramani iwe kwenye mita kwa UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda: kwa ramani ya Dar es Salaam na Pwani peke yake, EPSG:32737 (kanda ya 37 kusini) inatosha. Nchi nzima inavuka kanda tatu za UTM, kwa hiyo kanda moja haifai.

Lakini njia hiyo huilazimisha kila wilaya kuwa na majirani idadi ileile, wakati wilaya za bara hazina tatizo la visiwa. Bora kulihariri faili la .gal lenyewe kwa kihariri cha maandishi. Kila wilaya ina mistari miwili: msimbo na idadi ya majirani, kisha orodha ya misimbo yao. Feri ya Mafia hutoka Nyamisati, wilayani Kibiti, basi iandike Kibiti kuwa jirani wa Mafia na Mafia kuwa jirani wa Kibiti, na uongeze idadi pande zote mbili. Ukisahau upande mmoja, ujirani unakuwa wa upande mmoja. Lipakie upya kupitia Load.

Kama wilaya za bara nazo zinakosa majirani, mipaka imechorwa vibaya na ina mianya midogo. Weka tiki kwenye Precision threshold.

Ingia Space, kisha Local Moran's I with EB Rate, uchague wagonjwa kama tukio na idadi ya watu kama msingi. Usitumie idadi ghafi: utapata ramani ya mahali watu wanapoishi. EB (Empirical Bayes) hupunguza kuyumba kwa viwango vya wilaya zenye watu wachache.

Ramani ya kwanza hutumia mipangilio nasibu 999, yaani kuchanganya thamani ovyo mara 999 ili kuona bahati ingetoa nini, na kikomo cha uwezekano wa bahati cha 0.05. Usiichapishe hiyo. Kwa wilaya 180, kikomo hicho chaweza kukupa takriban 9 za bahati tupu. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ramani, Randomization, weka 99999, kisha Significance Filter, jaribu 0.01 au False Discovery Rate, inayodhibiti sehemu ya matokeo ya uongo. Kwa mipangilio 999, uwezekano huo hauwezi kushuka chini ya 0.001 hata matokeo yawe na nguvu kiasi gani.

Nyekundu iliyokolea ni wilaya ya juu kati ya majirani wa juu, buluu iliyokolea ni ya chini kati ya wa chini. Rangi hafifu ni wanaotofautiana na majirani zao. Wilaya iliyopakwa nyekundu ni kiini cha kundi tu. Majirani waliotumika kuihesabu nao wamo, hata wakibaki kijivu, kwa hiyo timu ya kunyunyizia dawa isiishie kwenye mpaka wa rangi.