Mita moja, bomba moja, karo moja: namna ya kuendesha nyumba ya vyumba vya kupanga Dar es Salaam

Nyumba ya uani yenye vyumba vitano huleta ugomvi wa kodi mara mbili kwa mwaka tu, kwa kuwa wengi hulipa miezi sita kwa mkupuo. LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, huleta ugomvi kila umeme unapokata saa tatu usiku na kila mtu anadai zamu ya kununua si yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na umeme, na mkataba unakuja mwishoni.

Umeme

Utaratibu uliozoeleka ni kila chumba kutoa kiasi sawa, tuseme elfu tano. Unakwenda vizuri mwezi wa kwanza, wakati kila mtu ana taa na chaji ya simu. Mwezi wa tatu mmoja kaleta friji, mwingine anachemsha maji ya kuoga kwa hita ya ndoo, na mwenye taa moja anagoma kuchangia. Ana haki.

Hesabu ni nyepesi: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kinakula uniti moja. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi za usiku inakula uniti 0.6. Kupasha ndoo ya lita 20 hadi iwe ya kuogea ni karibu nusu uniti, na familia ya watu wanne wanaooga asubuhi na jioni wanamaliza kama uniti nne kwa siku. Jiko la koili la wati 1,000 likichemsha maharage saa mbili ni uniti mbili, yaani feni ya zaidi ya siku tatu. Wapangaji wanabishana kuhusu friji kwa sababu linaonekana, ilhali mlaji mkubwa kwa kawaida ni chochote kinachotoa joto.

Dawa yake ni sabmita, yaani mita ndogo ya ndani, moja kwa kila chumba. Kabla ya kununua, mwambie fundi mwenye leseni aangalie kama kila chumba kina laini yake kutoka kwenye ubao wa sakiti. Nyumba nyingi za zamani ziliungwa kwa kurukia: soketi ya chumba cha pili imevutwa kutoka kwenye soketi ya chumba cha kwanza. Ukifunga sabmita hapo, chumba cha kwanza kitalipia pasi ya jirani. Jaribio ni rahisi. Zima breka ya chumba kimoja, kisha pita vyumba vyote na taa ya mezani ukijaribu kila soketi. Soketi ya jirani ikizima pia, waya zitenganishwe kwanza, waya wa nyutro ukiwemo. Kwa soketi tumia waya wa milimita za mraba 2.5, kwa taa 1.5. Fundi akikuambia 1.5 inatosha kote, mtafute mwingine.

Siku ya kusoma iwe moja kila mwezi, mbele ya mpangaji mmoja kwa zamu, na kila mita ipigwe picha. Soma pia uniti zilizobaki kwenye mita kuu ya LUKU, maana zilizonunuliwa mwezi huo si lazima ziwe zimekwisha. Mfano, tukichukulia uniti zilizobaki hazikubadilika:

Nyumba imenunua umeme wa Sh 60,000. Kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi imekatwa Sh 1,500 ya kodi ya majengo, kwa hiyo Sh 58,500 ndiyo iliyonunua umeme, na zimepatikana uniti 164. Gawanya: kila uniti ni kama Sh 357. Sabmita zote tano zinasoma jumla ya uniti 150. Zile 14 zilizobaki ni taa ya uani, ya choo na pampu. Zigawe sawa kwa vyumba vitano: uniti 2.8, yaani Sh 1,000 kila chumba. Chumba kilichotumia uniti 62 kinalipa 62 × 357 + 1,000 = Sh 23,134. Kilichotumia 11 kinalipa Sh 4,927. Bandika karatasi ukutani ikionyesha hesabu nzima, si jibu tu.

Tofauti kati ya mita kuu na jumla ya sabmita ikizidi moja ya kumi, zima breka zote za vyumba uitazame mita kuu. Taa yake ndogo ikiendelea kupepesa ilhali hakuna kinachowaka, kuna laini imevutwa kabla ya breka, au kuna waya unaovuja mahali. Hilo la pili ni la kushughulikia siku hiyohiyo, hasa kama ukuta una unyevu.

Turudi kwenye zile Sh 1,500. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 ndicho kiwango cha mwezi cha nyumba ya kawaida (awali kilikuwa Sh 1,000), na ghorofa mjini ni Sh 7,500 kwa kila sakafu. Hii ni kodi ya mwenye jengo, haimhusu aliyetumwa kununua umeme. Irudishe, au iandikwe kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye pango. Inauma zaidi pale chumba au nyumba ilipokaa tupu: miezi minne bila kununua, deni linajilimbikiza, na mpangaji mpya akinunua umeme wa Sh 5,000 anaweza asipate hata uniti moja. Kabla hujamkabidhi funguo, nunua wewe umeme kidogo ili deni likatike kwako. Na kama kiwanja kimoja kina mita mbili zote zinakatwa, peleka namba za mita TRA (mamlaka ya mapato) warekebishe.

Lipo pia suala la uniti 75. Mteja wa nyumbani anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa kwenye kundi la bei nafuu, ambako uniti ni karibu theluthi moja ya bei ya kawaida. Vyumba vitano kwenye mita moja haviwezi kubaki humo, hata kama kila chumba peke yake kingebaki. Kwa hiyo kama wapangaji wako ni wa kudumu na nafasi ya nyaya ipo, piga hesabu ya kuomba mita za LUKU zaidi. Gharama ya kuunganishwa mjini bila nguzo, iliyorudishwa Januari 2022, ilikuwa Sh 320,960. Uliza bei ya siku hiyo kabla hujapanga bajeti. Ugomvi wa zamu ya kununua nao unaisha.

Maji

Bili ya DAWASA gawa kwa vichwa, usigawe kwa vyumba. Chumba cha mtu mmoja na chumba cha mama na watoto watatu havitumii sawa, na kila mtu analijua hilo. Idadi ya watu iandikwe kwenye mkataba, na mgeni akizidi wiki mbili ahesabiwe.

Bili ikiruka ghafla, usianze kumtafuta mchawi. Saa tano usiku funga koki zote, soma mita, waombe watu wasichote, kisha soma tena alfajiri. Namba ikisogea, kuna uvujaji. Chunguza tanki la choo cha kuflashi kwanza: mimina ndani yake kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, subiri dakika 20 bila kuflashi, na ukiona rangi kwenye sinki la choo, raba ya chini imechoka. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza karibu ndoo ya lita 20 kwa siku.

Simtanki ya lita 1,000 kwa watu 12 wanaotumia ndoo tatu kila mmoja haifikishi siku mbili. Kama mtaani kwenu mgao ni wa siku tatu tatu, weka ya lita 2,000 au zaidi, juu ya kitako cha zege. Tanki lililojaa lina uzito wa tani mbili, na mbao hazivumilii hilo muda mrefu.

Karo

Mambo manne yanaua karo, yaani shimo la majitaka, mapema: pedi, pampasi, mafuta ya kupikia, na mchanga wa kusugulia masufuria. Pedi na pampasi haziozi. Mafuta huganda kwenye bomba. Mchanga hukaa chini na kula nafasi ya shimo mwaka hadi mwaka, na gari la kunyonya haliutoi wote. Weka ndoo yenye mfuniko chooni na chujio la waya kwenye sehemu ya kuoshea vyombo. Ni vitu vya elfu chache.

Dalili huja kwa mpangilio. Maji ya bafuni yanachelewa kushuka, bomba linatoa mlio wa kukoroma, kisha udongo karibu na shimo unalowa wakati hakuna mvua. Ukifika hatua ya tatu umechelewa. Panga kunyonya Januari au Februari, kabla ya masika. Mvua zikishaanza, maji ya ardhini hupanda katika maeneo ya bondeni na shimo hujaa tena ndani ya siku chache, na pesa ya gari imekwenda. Mfuniko uachwe mahali mpira wa gari unapofika. Walioziba mfuniko kwa vigae ili uwanja upendeze huvunja vigae hivyohivyo baadaye.

Usikubali kijana yeyote ashuke shimoni, hata kama amejitolea na hata kama shimo linaonekana tupu. Hewa ya humo huua kwa dakika chache, na anayeshuka kumwokoa hufuata. Kutapisha choo barabarani mvua ikinyesha ni kosa, na ndiyo njia ya kipindupindu kuingia visima vya mtaa mzima.

Kunyonya ni gharama ya mwenye nyumba, isipokuwa mkataba useme vingine.

Mkataba, kodi na kuhama

Dalali huleta mtu na kuchukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji. Kazi yake inaishia hapo. Kumchunguza mtu ni kazi yako. Kabla hujapokea pesa omba namba ya NIDA, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka, na simu ya mwenye nyumba aliyemtangulia. Mpigie kweli, na umuulize swali moja: ungempa chumba tena?

Mkataba wa kurasa mbili unatosha: majina, chumba, idadi ya wakaaji, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, mgawanyo wa umeme na maji, muda wa notisi, mashahidi wawili. Tarehe ya kuisha iandikwe kwa tarakimu. Miezi sita kuanzia 15 Machi inaisha 14 Septemba, na wengi huhesabu 15. Ambatanisha orodha ya chumba: funguo ngapi, soketi ngapi nzima, vioo, nyavu za mbu, kitasa. Piga picha mkiwa wote wawili.

Mwezi mmoja kabla ya kuisha, uliza kwa maandishi kama anaendelea. Akilipa kidogo kidogo, toa risiti kwa kila kiasi na uandike salio. Pesa ikija kwa simu, ujumbe wake haujitoshelezi: hausemi ni ya mwezi gani, kwa hiyo jibu kwa meseji ukitaja mwezi.

Akishindwa kulipa, usikate umeme, usifunge kufuli juu ya kufuli, usiezue mabati. Siku utakapofungua atadai laki nane zilikuwa chini ya godoro, na hutakuwa na la kujibu. Mpe notisi ya maandishi. Kwa anayelipa kwa mwezi, iwe ya mwezi mzima. Nakala peleka serikali ya mtaa, ambako mara nyingi mambo huisha kwa kupangiana tarehe. Yasipoisha, nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu, na lina siku 30. Wasiposuluhishwa ndani ya muda huo, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa mkataba, notisi na risiti, kwa mpangilio huohuo.

Siku ya kuhama, soma sabmita mbele yake, pitia orodha na picha, na gawa bili ya maji hadi siku hiyo. Kisha badilisha moyo wa kitasa kabla mtu mwingine hajaingia, hata kama amerudisha funguo zote mbili. Ya tatu ilichongwa zamani.