Gundi ya moto inayopenda maji kwenye pampasi na pedi: jinsi ya kuichagua, kuipima na kuipaka

Kabla ya kuongea chochote fanya hiki kitu kidogo. Chukua pampasi mpya, ilaze mezani, weka rangi kidogo kwenye maji umwagie katikati, subiri kama dakika hivi alafu bandua kile kitambaa cha juu polepole sana. Mara nyingi utaona mizunguko mizunguko kama chemchemi za godoro, ndo gundi hiyo. Kama ni gundi ya kawaida, pale ilipopita pamebaki peupe, rangi imepita pembeni tu. Kama ni ile inayopenda maji, rangi imepita mpaka juu ya gundi yenyewe, hata mstari huuoni vizuri. Stori yote iko hapo, mengine ni maelezo.

Gundi ya moto, wengine wanaita hotimelti, ni mchanganyiko wa polima (vitu vya ukoo wa plastiki), resini ya kuipa unato, mafuta ya kuilainisha na dawa kidogo ya kuzuia isiungue. Haina maji wala petroli ya kukauka, unaiyeyusha, unaipaka, inapoa, imeshika. Shida ni kwamba karibu kila kitu humo ndani ni ndugu wa mafuta, na maji na mafuta unajua wenyewe hawaelewani. Tone la maji ukiliweka juu ya gundi ya kawaida iliyopoa linasimama duara kama umande kwenye jani la myugwa. Wataalamu wanapima ile pembe tone linapogusana na uso: ikizidi nyuzi 90 uso unakataa maji, ikishuka chini ya hapo uso unayakubali, na ikikaribia sifuri maji yanatambaa yenyewe.

Sasa kwenye pampasi kile kitambaa cha juu nacho kimetengenezwa kwa polipropilini, aina ya plastiki, ambayo nayo kwa asili inakataa maji, ndo maana kiwandani kinapakwa dawa ya kukifanya kipitishe. Chini yake kuna tabaka la kusambaza maji, alafu ndo pamba na punje za jeli zinazonyonya maji. Unalipa hela kitambaa kipakwe dawa kipitishe maji, afu unaweka katikati gundi inayoyafukuza. Watu wengi wanakuja kugundua hili wakati maji yameshaanza kutoka pembeni, na wao wanaongeza jeli, kumbe jeli haina kosa, maji hayajaifikia tu.

Kuifanya gundi ipende maji kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuongeza surfaktanti, yaani kitu cha ukoo wa sabuni, kichwa kimoja kinapenda mafuta na kingine kinapenda maji. Kile cha mafuta kinajishika ndani ya gundi, cha maji kinachungulia nje. Kawaida zinatumika zile zisizo na chaji ya umeme. Kuna kipimo kinaitwa HLB, kilitolewa na Griffin mwaka 1949, kwa surfaktanti za aina hii kinaenda 0 mpaka 20, namba ndogo inapenda mafuta, kubwa inapenda maji. Ukichukua yenye namba kubwa sana unakuta haikubaliani na gundi, inajitenga ndani ya tenki kama mafuta na maji, ukichukua ya chini sana inakaa humo ndani imelala wala haifanyi kazi. Kwa hiyo ni mchezo wa katikati.

Njia ya pili ni kutumia polima ambayo yenyewe ina sehemu zinazopenda maji, kwa hiyo hakuna kitu cha kuoshwa na kuondoka. Kwa maoni yangu hii ndo bora kwa bidhaa inayolowa mara nyingi, ila kuipata yenye unato mzuri na inayomiminika vizuri kwenye mashine ni kazi, na bei huwa juu, ndo maana ya surfaktanti bado ndo unakutana nayo zaidi.

Usiipake kila mahali. Hili ndo kosa namba moja, mtu ananunua gundi mpya nzuri anaijaza kwenye matenki yote ili asipate usumbufu wa kuwa na gundi mbili. Gundi hii mahali pake ni pale tu maji yanapotakiwa kupita: kati ya kitambaa cha juu na tabaka la kusambaza, kati ya hilo tabaka na karatasi inayofunga pamba, na kwenye pamba yenyewe kama unaitumia kushika jeli. Kwenye vile vizuizi vya miguuni unataka maji yagome, kwa hiyo weka gundi ya kawaida. Kwenye raba za miguuni na kiunoni pia, kule unahitaji gundi ngumu ya kushika raba isiteleze. Na kwenye nailoni ya nje kuwa makini zaidi, hasa kama ni ile inayopumua, ina vitundu vidogo sana ambavyo hewa inapita ila maji yanashindwa kwa sababu maji safi yanajishika yenyewe kwa nguvu. Surfaktanti ikiyeyuka kwenye maji inaipunguza ile nguvu, na ghafla nailoni iliyokuwa haivuji inaanza kutoa unyevu kwa nje, afu fundi anakagua nailoni siku nzima haoni tundu.

Haya, tuseme umeletewa sampuli. Usimwamini muuzaji, pima. Vifaa ni vya kawaida: mizani, bomba la sindano, saa ya kuhesabu sekunde, karatasi za kuchuja, oveni yenye joto la kuaminika, na maji ya chumvi gramu 9 kwenye lita moja, hayo ndo yanatumika badala ya mkojo. Kama unatengeneza pedi ujue maji ya chumvi hayatoshi, kule kimiminika ni kizito na kinatembea polepole, tafuta mchanganyiko mzito zaidi la sivyo utajidanganya.

Anza na tone. Paka gundi nyembamba kwenye karatasi isiyonata, iache ipoe mpaka kesho yake, weka tone uangalie kwa upande. Usiangalie mara moja tu ukaondoka, kaa nalo, angalia sekunde ya kwanza, ya kumi, ya sitini. Kuna gundi tone linakaa duara kwanza alafu linaanza kushuka taratibu, hiyo surfaktanti inachukua muda kuamka, na kwenye matumizi ya kweli maji hayasubiri sekunde sitini.

Kinachofuata ni kumwaga. Tengeneza vipande vyenye tabaka zote kama bidhaa halisi, vingine kwa gundi ya zamani, vingine kwa mpya, na vingine bila gundi kabisa (hivi watu wanavisahau, na ndo vinakuonyesha bora kabisa ni ipi). Mwaga mililita 5 sehemu moja, hesabu sekunde mpaka juu pasiwe na maji. Subiri dakika kumi. Mwaga tena palepale. Subiri. Mwaga mara ya tatu. Andika zote tatu. Baada ya hapo weka karatasi za kuchuja ulizopima uzito, weka mzigo juu kwa dakika mbili, pima tena, ile tofauti ndo unyevu unaorudi juu kwenye ngozi.

Kwa nini mara tatu? Niliwahi kuipitisha gundi moja kwa mara ya kwanza tu, maji yalizama fasta mpaka tukacheka, tukaingiza kwenye uzalishaji. Malalamiko yakaanza kwamba usiku inavuja. Tulipokuja kupima vizuri, mara ya kwanza sekunde chache, mara ya pili zaidi kidogo, mara ya tatu maji yamekaa juu yanakuangalia. Surfaktanti yote ilikuwa imeshuka na maji ya kwanza kwenda kwenye pamba, iliyobaki pale ni gundi ya kawaida. Na mtoto usiku hakojoi mara moja. Tangu siku hiyo namba ya kwanza naiandika tu kwa heshima, ninayoisoma ni ya tatu.

Alafu kuna kuzeeka. Weka vipande vingine kwenye oveni nyuzi 40 au 50 wiki mbili mpaka nne, kisha rudia vipimo vyote. Surfaktanti inatembea, haikai ilipowekwa, inaweza kuhamia kwenye kitambaa cha juu, ikafika mpaka kwenye vizuizi vya miguuni, au ikajaa kwenye uso wa gundi mpaka gundi ikapoteza unato na tabaka zikaachana zenyewe kwenye pakiti. Bidhaa inakaa stoo miezi, siyo siku mbili. Vuta tabaka ziachane zikiwa kavu, afu vuta nyingine zikiwa zimelowa. Ikishikilia kavu tu na ikilowa inaachia, pamba itavunjika vipande vipande mtoto akianza kutembea na jeli itakusanyika chini kama soksi yenye mchanga. Kushuka kidogo ikilowa ni kawaida, kuachia kabisa hapana.

Na usifikirie surfaktanti nyingi ndo nzuri zaidi. Ikizidi maji yanaingia haraka ni kweli, lakini kitambaa cha juu kinabaki kimelowa kwa sababu nacho sasa kinayapenda maji kuliko inavyotakiwa, hakitaki kuyaachia yashuke. Utaliona hilo kwenye karatasi za kuchuja. Vilevile ni kitu cha ukoo wa sabuni na kinakaa na ngozi saa nyingi, kwa hiyo dai karatasi za vipimo vya ngozi: kuua seli, kuwasha, na kuleta mzio, ni familia ya viwango vya kimataifa vya ISO 10993. Muuzaji akianza kuzungukazunguka hapo achana naye.

Ukishakubali gundi, tuje kwenye laini ya uzalishaji. Joto fuata karatasi ya mtengenezaji, nyingi zinapakwa kati ya nyuzi 130 na 160 hivi. Tabia ya kuongeza joto gundi ikiwa nzito iache, hizi zenye surfaktanti zinachoka na joto haraka kuliko za kawaida, zinabadilika rangi kuwa kahawia, zinatoa harufu, na ule upendo wa maji unapungua kimyakimya bila mashine kukuambia. Kabla ya kuanza jaza chupa ya kioo, iweke oveni kwenye joto la kupaka siku mbili au tatu, itoe uiangalie: kama kuna tabaka mbili, ngozi juu, au imekuwa nyeusi, hiyo gundi haifai kukaa kwenye tenki kubwa. Usijaze tenki lijae wakati unatumia kidogo, weka kidogo kidogo, funika, maana hewa na joto pamoja ndo vinaiua.

Wakati wa kubadilisha kutoka gundi ya zamani usichanganye. Toa yote, pitisha ya kusafishia, badilisha filta, ndo uweke mpya. Mchanganyiko wa gundi mbili tofauti ukigeuka vipande vigumu utaziba nozo katikati ya zamu na hapo utaokota lawama za watu wote.

Mpako wenyewe una maana kuliko watu wanavyodhani. Ukipaka bapa lililofunika kila sehemu, hata gundi inayopenda maji inaziba matundu, maana maji yanapita kwenye nafasi, hayapiti ndani ya gundi. Mizunguko au nyuzi nyembamba zinaacha njia. Anza na gramu 2 au 3 kwa mita ya mraba, panda kama tabaka zinaachana, shuka kama zinashika. Kwa kweli kuna watu shida yao ilikuwa gramu nyingi tu, wangepunguza gundi ya kawaida na kubadilisha nozo wasingehitaji kununua hii kabisa. Jaribu hilo kwanza, ni bure.

Pembeni kidogo: ule mstari wa njano nje ya pampasi unaogeuka bluu mtoto akikojoa, nao mara nyingi ni gundi ya moto ya ukoo huuhuu. Ndani wameweka rangi inayobadilika kwa asidi, bromofenoli bluu ni mojawapo, njano chini ya pH 3 (pH ni kipimo cha asidi, namba ndogo ndo asidi kali) na bluu ikipita 4.6. Asidi kidogo iliyomo kwenye gundi inaishikilia njano, mkojo ukiingia asidi inazidiwa. Bila gundi kupenda maji mkojo usingeingia na mstari usingebadilika. Ukitaka kuona gundi yako inavyokaa stoo yenye unyevu, huo mstari unasema ukweli, ukianza kuwa kijanibluu kabla pakiti haijafunguliwa ujue unyevu wa hewa umeshaingia.

Gundi ikikurukia usiibandue kwenye ngozi, itaondoka na ngozi. Weka chini ya maji baridi yanayotiririka dakika 20 ikiwa bado imeshika, afu nenda hospitali wao ndo waitoe. Glavu ndefu na miwani ukifungua tenki au hozi, hata kama unafungua sekunde moja.

Mwisho wa wiki kama laini inasimama siku mbili, zima kabisa joto la tenki, usiliache likae nyuzi 150 eti Jumatatu uanze haraka. Jumatatu ikishapata moto toa gundi iliyokaa kwenye hozi kwanza, tupa, ndo uanze kupaka, na kipande cha kwanza kinachotoka kimwagie maji mara tatu.